Sindano ya mgongo na maneno kumi: kisa cha mtoto aliyechelewa kuongea

Kisa hiki hakina mwenyewe. Nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia katika wodi za uzazi na kliniki za watoto, ili swali ambalo wazazi wengi huliuliza nusu nusu lipate kuulizwa lote. Watu wake ni wa kubuni. Dawa, tafiti na takwimu ni za kweli.

Kisa chenyewe

Mama ana miaka 31 na mimba ya wiki 30. Mtoto wake wa kwanza ni mvulana wa miezi 26. Anakimbia, anapanda viti, anajua kuiwasha simu ya baba yake. Lakini maneno yake ni kumi hivi, na kati ya hayo manne yanaeleweka na watu wa nyumbani tu. Hajawahi kuunganisha mawili, kama "baba njoo" au "taka maji".

Dada wa mama alimtumia habari iliyosema kwamba watoto ambao mama zao walichomwa sindano ya mgongo wakati wa uchungu hupata usonji kwa asilimia 37 zaidi. Hakuandika neno la ziada, alituma tu. Tangu hapo mama amekuwa akiirudia siku ile ya kujifungua saa kwa saa. Alipofika kliniki alikuwa na maswali mawili.

"Daktari, usinifiche. Ni ile sindano ya mgongo?"

Na kabla hajajibiwa: "Na huyu aliyeko tumboni, nivumilie tu?"

Faili la uzazi linaeleza yafuatayo. Mimba ilifika wiki 41 na siku 3, uchungu ukaanzishwa kwa dawa. Njia ilipofunguka sentimita 3 alichomwa pethidini, dawa ya kutuliza maumivu, miligramu 100 kwenye msuli, na baada ya saa nne akachomwa ya pili. Ilimlewesha na kumtapisha, uchungu ukabaki palepale. Saa moja na nusu baada ya sindano ya pili aliwekewa epidurali, yaani ule mrija mwembamba unaopitishwa mgongoni ili ganzi iingie kidogo kidogo. Alikaa nao saa sita na nusu. Saa ya tano joto lake lilipanda hadi nyuzi 38.3. Kusukuma kukachukua muda, mtoto akavutwa kwa vakyumu. Alizaliwa na kilo 3.4. Alama zake za Apgar, zile za hali ya mtoto mara anapozaliwa, kumi zikiwa za juu kabisa, zilikuwa 8 dakika ya kwanza na 9 dakika ya tano. Siku ya kwanza alilala kupita kiasi, ziwa alilishika na kuliacha, na hakunyonya sawasawa mpaka siku ya pili jioni. Kwa sababu ya homa ya mama alipewa antibiotiki kwa saa 48, vipimo vya damu havikuota kijidudu chochote, wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama ameubana mlolongo huu wote ukawa kitu kimoja: sindano ya mgongo. Ndipo tatizo la kisa hiki lilipoanzia. Mle ndani kuna dawa mbili tofauti, homa moja, uchungu ulioanzishwa, mtoto aliyevutwa, na mtoto wa miaka miwili ambaye hakuna aliyewahi kuyapima masikio yake.

Usingizi wa siku ya kwanza

Niende kwanza kwenye jambo ambalo dawa inaweza kulaumiwa nalo bila kuionea. Mtoto alizaliwa mzito wa usingizi na mvivu wa kunyonya. Hilo linawezekana kabisa kuwa ni la dawa, ila dawa yenyewe ni ya msuli, siyo ya mgongo.

Pethidini ni ya jamii ya afyuni. Ikichomwa kwenye msuli huingia kwenye damu ya mama, na dakika chache baadaye huwa imekwishavuka kondo la nyuma. Mwili wa mtu mzima huiondoa nusu yake kwa muda wa saa chache. Mtoto mchanga, ambaye ini lake ndiyo kwanza linajifunza kazi, anahitaji takriban saa 20 kuondoa nusu hiyohiyo. Tena pethidini ikivunjwa mwilini huacha zao lake liitwalo nopethidini, ambalo lina nguvu zake lenyewe na hukaa kwa mtoto mchanga muda mrefu zaidi, nusu yake ikichukua saa 60 hivi. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake alichomwa mara mbili, ya mwisho saa nane kabla ya kuzaliwa, huzaliwa akiwa bado ameibeba. Hupumua, hulia, hupata alama nzuri za Apgar, halafu hulala na kulisahau ziwa. Wakunga wanaijua sura hiyo hata bila kufungua faili.

Je, usingizi huo una uhusiano na maneno kumi ya miezi 26? Sioni njia ya kuviunganisha. Sehemu kubwa ya dawa ilikwisha mwilini ndani ya wiki ya kwanza, mtoto akanyonya, uzito ukapanda, akakaa, akatambaa na kutembea kwa wakati wake. Kitu kilichoumiza ubongo kwa kiasi cha kuzuia lugha baada ya miaka miwili kwa kawaida huacha alama nyingine njiani: mwili kulegea au kukakamaa, kifafa, kichwa kisichokua, kuchelewa kukaa. Hapa hakuna hata moja.

Kuhusu zile alama za Apgar, mama alizikumbuka kwa kichwa na alizitaja mara mbili, mara ya kwanza kama utetezi ("alipata tisa!") na mara ya pili kama malalamiko ("mbona alipata tisa na sasa haongei?"). Virginia Apgar, aliyezichapisha mwaka 1953, alikuwa daktari wa usingizi, na alitaka jambo moja dogo: mtoto aangaliwe dakika ile ile ya kuzaliwa ili ijulikane kama anahitaji kusaidiwa kupumua. Hazikutungwa kutabiri akili wala lugha. Tisa ya dakika ya tano inatuambia kwamba mtoto huyu hakuzaliwa amekosa hewa, basi.

Ganzi ya mgongoni inafika wapi

Epidurali hufanya kazi kwa namna nyingine. Dawa huwekwa nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, karibu na mishipa ya fahamu inayobeba uchungu kutoka kwenye mji wa mimba. Siku hizi mchanganyiko wa kawaida ni ganzi iitwayo bupivakaini ya asilimia 0.1 au chini yake, pamoja na fentanili maikrogramu 2 kwa kila mililita. Kiasi fulani huingia kwenye damu ya mama na kiasi fulani humfikia mtoto. Anayesema hakuna kinachovuka anadanganya, hata kama nia yake ni kumtuliza mama. Lakini kinachovuka ni kidogo sana kikilinganishwa na pethidini ya msuli, na hakina zao linalong'ang'ania kwa siku kadhaa.

Hofu hii ina historia, na historia yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwapima watoto wachanga ambao mama zao walipewa epidurali kwa ganzi za wakati huo, hasa mepivakaini, wakawaona "walegevu lakini macho". Maneno hayo yalizunguka dunia. Vipimo vilivyofuata vya watoto wa bupivakaini havikuuonyesha ulegevu huo, na mepivakaini ikaachwa katika uchungu wa uzazi kwa sababu mtoto mchanga huiondoa polepole mno. Kwa hiyo swali la kama ganzi hugusa tabia ya mtoto limekwishaulizwa kwa nusu karne, na angalau mara moja jibu lilikuwa ndiyo, dawa ikabadilishwa. Mimi hilo hunipa imani kuliko kauli yoyote ya "ni salama kabisa".

Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 40 yenye wanawake zaidi ya 11,000, mengi yakilinganisha epidurali na dawa za jamii ya afyuni. Watoto wa epidurali hawakuwa na alama mbaya zaidi za Apgar dakika ya tano, hawakulazwa zaidi katika wodi ya uangalizi maalumu, na wachache zaidi kati yao walihitaji dawa ya kuondoa nguvu ya afyuni. Upande wa hasara, mama zao walipata homa zaidi. Pia walivutiwa watoto zaidi kwa vyombo, ingawa tofauti hiyo haikuonekana katika majaribio yaliyofanyika baada ya mwaka 2005, dozi ziliposhushwa.

Homa hiyo nisiipite. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano wanaowekewa epidurali hupandwa na joto, hasa ikikaa saa nyingi, na mara nyingi hakuna maambukizi yoyote: ni mwili kuwaka wenyewe. Mama wa kisa hiki ni mfano wa vitabuni. Lakini daktari wa watoto hawezi kujua wakati huohuo kama ni joto la epidurali au ni maambukizi ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo mtoto hutolewa damu na kupewa antibiotiki. Hiyo ndiyo athari ya epidurali niliyo tayari kuiandika kwa kalamu nyeusi katika faili hili: siku mbili za sindano na kuchelewa kurudi nyumbani. Mama, kwa mshangao wangu, hakuwa ameiulizia hata kidogo.

Asilimia 37

Sasa ile habari. Ilitoka katika utafiti wa kweli, uliochapishwa Oktoba 2020 katika jarida la JAMA Pediatrics, juu ya watoto 147,895 waliozaliwa kusini mwa California kati ya 2008 na 2015. Mama wa watoto 74 kati ya kila 100 walikuwa wamepata epidurali. Usonji ulitambuliwa kwa asilimia 1.9 ya watoto wa epidurali na asilimia 1.3 ya wasio wa epidurali. Watafiti walipoondoa tofauti walizoweza kuzipima, kama umri na elimu ya mama, ilibaki asilimia 37. Tena epidurali iliyokaa zaidi ya saa nane ilionekana kuwa na uhusiano mkubwa kuliko iliyokaa chini ya saa nne, na homa ya mama haikuueleza uhusiano huo.

Iandike kwa hesabu ya watoto na sura inabadilika: 19 kwa kila 1,000 badala ya 13. Hata kama kila mmoja wa hao sita wa ziada ni wa epidurali, bado watoto 981 kati ya 1,000 wa epidurali hawakuwa na usonji. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hesabu hiyo. Sita kwa elfu, kwa dawa inayotumiwa na mamilioni, ingekuwa balaa. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama ni ya dawa.

Jiulize nani anayeomba epidurali. Ni anayejifungua kwa mara ya kwanza, ambaye uchungu wake ni mrefu. Ni yule ambaye uchungu umeanzishwa kwa dawa, nao huuma zaidi. Ni yule ambaye mtoto amekaa vibaya na hashuki. Ni mwenye wasiwasi mwingi tangu hapo, au aliyewahi kutibiwa sonona. Ni anayejifungulia hospitali kubwa yenye daktari wa usingizi usiku na mchana, na ambaye baadaye atampeleka mwanawe kwa mtaalamu akiona dalili mapema. Kadhaa kati ya hayo yanahusiana na usonji, au na kutambuliwa kwa usonji, pasipo ganzi yoyote kuhusika. Mtu akiona miavuli mingi siku ya mafuriko hasemi miavuli ndiyo iliyoleta maji. Na saa nane za epidurali, tusisahau, ni saa nane za uchungu pia.

Wiki ileile ya utafiti kutoka, vyama vitano vya Marekani vya madaktari wa usingizi na wa uzazi vilitoa tamko la pamoja kwamba uhusiano huo hauthibitishi chanzo. Mama alilisikia tamko hilo na halikumsaidia kitu. "Si ndio wanaoichoma?" alisema. Ni pingamizi la haki. Ndiyo maana namjibu kwa tafiti zilizofuata, ambazo ziliulizwa swali lilelile na watu wengine, mahali pengine.

Manitoba, Canada: watoto 123,175 waliozaliwa 2005 hadi 2016. Usonji asilimia 2.1 kwa epidurali, 1.7 bila. Tofauti ghafi ya asilimia 25 ilishuka hadi 8 baada ya kusawazisha hali za mama na uchungu, na kwa ukubwa huo haikuweza kutenganishwa na bahati nasibu. Denmark: watoto 479,178 wa 2006 hadi 2013, tofauti ya asilimia 5, nayo haikutengana na bahati. British Columbia, jimbo jingine la Canada, waliona asilimia 9. Ontario, nalo la Canada, kwa zaidi ya watoto 650,000, waliona asilimia 14, na hiyo haikuwa bahati. Kwa hiyo namba hizi hazisemi sifuri kwa sauti moja. Zinachosema ni kwamba kadiri unavyozidi kuondoa tofauti kati ya wanawake, ile 37 inayeyuka.

Njia kali zaidi ya kuondoa tofauti hizo ni kulinganisha watoto wa tumbo moja: mama yuleyule, damu ileile, mmoja alizaliwa kwa epidurali na mwingine bila. Manitoba walipofanya hivyo, uwiano ulikuwa 0.97. Denmark, 1.03. Moja kamili ndiyo hakuna tofauti. Njia hii nayo ina kasoro, kwa kuwa mama haombi epidurali katika uzazi mmoja na kuiacha katika mwingine pasipo sababu. Lakini kasoro hiyo ingeelekea kuionea epidurali, kwa maana kwa kawaida ndiyo inayopewa uzazi uliokuwa mgumu, na bado haikukutwa na kosa.

Linganisha pia na uzito wa mambo mengine. Utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba asilimia 80 hivi ya tofauti kati ya watu katika kupata usonji inatokana na urithi, na mabadiliko ya ubongo yanayohusishwa nao huanza miezi kadhaa kabla ya uchungu wa kwanza. Dawa inayopita kwa saa sita mwishoni mwa safari hiyo inahitaji ushahidi mzito sana ili itwishwe mzigo huo.

Kuna utafiti mwingine ninaoutaja kwa ajili ya wale wanaoipenda epidurali kupita kiasi. Scotland waliangalia uzazi 435,281 wa mwaka 2007 hadi 2016, wakakuta watoto wa epidurali wanatiliwa shaka juu ya ukuaji wao mara chache *kidogo* zaidi wakifika miaka miwili, hasa katika mawasiliano na kazi za vidole. Ingekuwa rahisi kumpa mama habari hiyo na kumrudisha nyumbani anatabasamu. Sikubali. Ikiwa tunakataa kwamba epidurali ilileta usonji California kwa sababu wanawake walitofautiana tangu mwanzo, hatuwezi kugeuka na kudai kwamba iliwapa watoto wa Scotland ulimi mwepesi. Ninachochukua Scotland ni kwamba madhara makubwa yangalikuwepo, yangaliwaponyoka kwa shida watu waliotazama watoto wengi hivyo.

Onyo lililosomwa vibaya

Mume wake naye alikuja na lake. Alikuwa amesoma kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya Desemba 2016 kuhusu dawa za usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu na kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho. Onyo hilo lipo. Lakini linahusu nusukaputi na dawa za kulaza, zikitumiwa kwa zaidi ya saa tatu au mara kwa mara, na msingi wake mkubwa ni majaribio ya wanyama. Bupivakaini haimo katika orodha ile. Ganzi inayomwacha mama macho, anaongea na kulalamikia taa, si kitu kilekile na dawa inayozima ubongo.

Jaribio lililowahi kuzikutanisha mbili hizo ana kwa ana lilikuwa la watoto wachanga wenyewe. Watoto 722 waliohitaji upasuaji wa ngiri katika nchi saba waligawanywa kwa kura: wengine nusukaputi chini ya saa moja, wengine ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Walipopimwa akili wakiwa na miaka mitano, makundi yote mawili yalipata wastani wa 99. Hao ni watoto waliochomwa ganzi wenyewe, siyo waliopata masalia kupitia kondo la nyuma.

Mtoto aliyekaa sakafuni

Muda wote huo mvulana alikuwa sakafuni na kigari cha mbao. Nikiwa mkweli, dakika kumi za kumtazama ziliufaa uchambuzi kuliko nusu saa ya takwimu.

Alimletea mama yake kigari na kumwangalia usoni aone kama amefurahi. Alionyesha dirisha kwa kidole ndege alipopita. Alimlisha mwanasesere kwa kijiko kikavu. Hayo matatu, kushirikisha mtu anachokiona, kuonyesha kwa kidole na kuigiza, ndiyo ambayo mtoto mwenye usonji wa wazi huwa anayakosa katika umri huu. Hayaufuti uwezekano, ndiyo maana alipewa dodoso la kuchuja usonji, lile linalotumiwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama zake ziliangukia upande wa hatari ndogo.

Lakini alipoitwa jina kutoka nyuma hakugeuka. Akaitwa tena kwa nguvu, akageuka. Baba alisema hiyo ndiyo tabia yake, "anajifanya hasikii". Mama akaongeza kwamba katuni huzitazama sauti ikiwa juu na kwamba masikio yamemsumbua mara kadhaa mwaka huu, mara mbili yakitoa majimaji. Hakuna aliyekuwa ameyaunganisha hayo na maneno, na kwa nini wangeyaunganisha? Tayari walikuwa na mshitakiwa.

Kipimo cha masikio kilionyesha majimaji nyuma ya ngoma pande zote mbili, na usikivu uliopungua kiasi. Mtoto wa namna hii huyasikia mazungumzo kama mtu aliyezama kwenye maji: sauti ipo, ncha za maneno hazipo. Je, ndicho chanzo? Huenda ni sehemu tu. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huchelewa kuongea akiwa na miaka miwili bila sababu inayoonekana, wavulana wakiwa wengi zaidi, na wengi wao huwafikia wenzao. Majimaji ya sikio nayo mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, ndiyo maana hupimwa tena kabla ya mtu kuzungumzia upasuaji. Mpango wake ukawa huo: kurudia kipimo baada ya miezi mitatu, na mtaalamu wa lugha aanze naye sasa hivi pasipo kusubiri masikio. Wazazi waambiwe waongee naye uso kwa uso, karibu, na televisheni ikiwa imezimwa.

Ubaya mkubwa wa kile kichwa cha habari katika kisa hiki hauko kwenye asilimia. Kiliwapa wazazi jibu, na mwenye jibu haendi kupimisha masikio. Wiki kadhaa zilipotea kwenye hatia ambayo haikuwa ya mtu.

Uzazi wa pili

Swali la pili, la kuvumilia, si la kisayansi tupu. Mwanamke ana haki ya kukataa epidurali kwa sababu yoyote ile, hata kwa kuwa haipendi tu. Ila asiikatae kwa kudhani kwamba uchungu usiotulizwa haumgharimu mtoto chochote. Mama anayehema mbio kwa maumivu huvuruga hewa katika damu yake, na homoni za msongo hupunguza damu inayofika kwenye mji wa mimba. Mtoto mzima huyahimili hayo, lakini aliyekwisha kuchoka huyahisi. Kuna na la dharura: mrija wa epidurali unaofanya kazi huweza kuongezewa dawa ikiwa upasuaji umelazimu, na hivyo kumwepusha mama na nusukaputi.

Tulizungumza njia moja moja. Gesi ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni hutoka mwilini kwa pumzi ndani ya dakika chache, nguvu yake ni ya wastani, na wengine huwapa kizunguzungu. Pethidini nilimshauri aiepuke, siyo kwa sababu ya lugha bali kwa sababu ya kunyonya, na kwa kuwa mara ya kwanza haikumsaidia. Uzazi wa pili kwa kawaida ni mfupi, na sindano ya msuli inayochomwa saa mbili au tatu kabla ya mtoto kutoka humkuta dawa ikiwa kwenye kilele ndani yake. Epidurali ya dozi ndogo inabaki wazi, na safari hii ikiwa fupi hata ile homa ina nafasi ndogo zaidi. Nilimwomba aonane na daktari wa usingizi mapema, wakati bado anaweza kukaa vizuri na kuuliza, maana maelezo ya hatari yanayotolewa katikati ya uchungu hayasikiki.

Aliuliza kama anaweza kuandika kwamba hajaamua. Anaweza. Kwenye kadi yake ya kliniki sasa pameandikwa: pethidini hapana, gesi ndiyo, epidurali mama ataamua mwenyewe siku hiyo, aulizwe mara moja na asisukumwe, joto lipimwe kila saa, mtoto alazwe kifuani mara anapozaliwa na kunyonya kwake kuangaliwe na mkunga kabla ya zamu kubadilishana. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, ameongeza kwamba mtoto huyu apimwe usikivu kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali.